Kompyuta kuukuu ikigoma kuwaka: mwongozo kamili, kuanzia soketi ya umeme hadi BIOS

Ukizunguka maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, mashine za mezani utakazokutana nazo sana ni zilezile: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP Compaq 8300 Elite, na jamaa zao. Nyingi zilitengenezwa miaka ya 2012 hadi 2014 kwa ajili ya ofisi za Ulaya na Marekani, zikatumika huko, kisha zikaja kwetu. Ni mashine imara na ninazipenda. Zinafunguka kirahisi, vipuri vyake havisumbui kupata, na ukizitia SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) zinafanya kazi zote za nyumbani. Ila sasa zimevuka miaka 10, na uzee wake huanza kujionyesha pale unapobonyeza kitufe cha kuwasha.

Mtu akipeleka mashine ya namna hii kwa fundi mwenye haraka, hupewa jibu moja kati ya mawili: "tuipige Windows upya" au "mazabodi imekufa", yaani bodi kuu ya ndani. Mara nyingi majibu hayo hutolewa hata kifuniko hakijafunguliwa. La kwanza linaweza kukupotezea picha na nyaraka zako zote, na ubovu ukabaki palepale. La pili linakufanya utupe mashine iliyokuwa inadai betri ya duara ya volti 3 tu. Kwa hiyo fuata mpangilio huu kabla hujalipa mtu na kabla hujaruhusu chochote kifutwe.

Jua kwanza imekwama wapi

Ukibonyeza kitufe, mambo hufuatana kwa utaratibu usiobadilika. Pawa saplai, boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani, kwa kawaida inatoa volti 12, 5 na 3.3, na zikishatulia inaiashiria mazabodi kwamba umeme uko sawa. Prosesa inaamka na kwenda moja kwa moja kusoma fimwea, ile programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi, ambayo wengi tunaiita BIOS hata kama ni UEFI, aina yake mpya. Fimwea inakagua RAM (kumbukumbu ya muda), inatafuta kifaa cha kutoa picha, inaitambua kibodi na diski. Ikiridhika, inaikabidhi diski kazi ya kuwasha mfumo. Windows huanza hapo, mwishoni kabisa.

Maana yake ni kwamba mashine isiyoleta picha yoyote haina tatizo la Windows, na kuipiga Windows upya ni kupoteza muda. Vilevile, mashine inayofika hadi nembo ya Windows kisha ikaanguka, mazabodi yake haijafa. Jiulize: haipokei umeme kabisa? Inapokea umeme, feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi? Inaleta nembo ya Dell au HP kisha inalalamika kwa maandishi meupe? Au inaanza Windows halafu inakwama? Jibu lako ndilo linalokuambia uanzie hatua ipi hapa chini.

Vifaa: bisibisi ya nyota, tochi, brashi laini ya rangi, raba nyeupe ya penseli, flashi ya GB 8 au zaidi, betri mpya ya CR2032, na maltimita (kipima volti) ya bei ndogo kama unaweza kuipata. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kwa mkono mtupu kabla ya kugusa RAM au mazabodi. Na kila unapotaka kubadili mpangilio wowote wa BIOS, piga picha ya ukurasa ule kwa simu kwanza. Picha hizo zitakuokoa.

Haipokei umeme

Anza na yale mepesi hata kama unahisi yanakudharau: soketi nyingine, waya mwingine, bila ekstensheni. Waya za kompyuta za mtumba huwa zimelegea kwenye mdomo unaoingia kwenye pawa saplai.

Kisha tazama nyuma ya pawa saplai. Zile za zamani huwa na kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kama mashine ilitumwa na ndugu aliyeko Marekani au Kanada, kiswichi hicho huenda kiko 115, kwa sababu umeme wa kule ni takriban volti 120. Wetu ni volti 230 hadi 240. Ukiichomeka hivyo utasikia mlipuko, utaona moshi, na pawa saplai imekwisha. Kiangalie kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza, na umwelekeze kila anayepokea kompyuta kutoka huko. Pawa saplai mpya zaidi zinajirekebisha zenyewe na hazina kiswichi hicho. Kibandiko chake husema 100-240V.

Pawa saplai za OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo cha majaribio nyuma, pembeni ya kijitaa cha kijani. Chomeka umeme, bonyeza kitufe hicho. Kijitaa kikiwaka, pawa saplai ina uhai. Kisipowaka, zichomoe waya zake zote kwenye mazabodi na diski kisha ujaribu tena. Kikiwaka sasa, kuna kifaa ndani kinachofanya shoti, na pawa saplai inajizima ili kujilinda. Kama una maltimita, waya wa njano unapaswa kukupa kati ya volti 11.4 na 12.6 mashine ikiwa inafanya kazi.

Mambo mawili ya kuzingatia sana hapa. Usiifungue pawa saplai yenyewe; ndani yake mna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300, na hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Na usinunue pawa saplai ya kawaida ya ATX ukidhani itaingia: OptiPlex 7020 na 9020 hutumia plagi ya pini 8 badala ya 24, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6. Nenda dukani na pawa saplai ya zamani mkononi, ulinganishe plagi kwa plagi.

Inawaka lakini skrini ni nyeusi

Tazama kwanza waya wa monita umechomekwa wapi. Mashine ikiongezewa kadi ya picha, tundu za picha za mazabodi mara nyingi huzimwa, na picha hutoka kwenye kadi peke yake. Badili tundu, badili waya, jaribu monita nyingine.

Baada ya hapo, sikiliza. Mashine hizi zina spika ndogo ndani, na milio yake ina maana. HP Compaq za enzi hizo hulia na taa ya kitufe kupepesa nyekundu kwa idadi ileile, kisha hutulia kidogo na kurudia: milio 2 ni joto kupita kiasi, 3 ni prosesa, 4 ni umeme, 5 ni RAM, 6 ni kadi ya picha, 7 ni mazabodi, na 8 ni fimwea iliyoharibika. Kwa Dell nyingi, milio 2 ni RAM kutoonekana, 4 ni RAM mbovu, 5 ni betri ya saa, 6 ni picha, 7 ni prosesa. OptiPlex pia huonyesha taa ya chungwa kwenye kitufe. Maana yake umeme umefika lakini ukaguzi wa mwanzo haukukamilika. Idadi ya milio na mpepeso wa taa viandike kwenye karatasi kabla ya kuzima.

RAM ndiyo mshtakiwa wa kwanza, hasa kwa wakazi wa pwani. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja ina unyevu na chumvi, na vile vimeno vya dhahabu kwenye ukingo wa RAM hupata utando wa kijivu ambao hauonekani hadi uielekeze RAM kwenye mwanga. Kazi ya kuusafisha ifanye taratibu. Sukuma kwa nje latizo, vile vibano viwili vya pembeni ya tundu, RAM itaruka juu kidogo. Ishike kwa kingo zake, usiguse vimeno. Iweke juu ya karatasi kavu, upitishe raba nyeupe juu ya vimeno kwa mwelekeo mmoja, kutoka ndani kuelekea nje, pande zote mbili, hadi dhahabu ing'ae sawasawa. Pangusa unga wa raba kwa kitambaa chenye spiriti safi, ngoja ikauke. Tundu nalo lipulize na kulisugua kwa brashi kavu. Kisha rudisha RAM moja tu, kwenye tundu lililoandikwa DIMM1, ukiibonyeza hadi latizo zijifunge zenyewe kwa mlio. Usipousikia mlio huo, bado haijaingia.

Ikikataa, jaribu RAM nyingine kwenye tundu lilelile, kisha ileile kwenye tundu jingine. Kwa njia hii unatofautisha RAM mbovu na tundu bovu. Na kama tatizo lilianza baada ya kuongeza RAM iliyonunuliwa kwa bei ya kushangaza, soma kibandiko chake: RAM za seva, zenye herufi R baada ya namba ya kasi, hazifanyi kazi kwenye mashine hizi hata kama zinaingia kwenye tundu.

Bado kimya? Vua kila kisichohitajika: diski, DVD, kadi ya picha, kadi ya Wi-Fi, na kila kilichochomekwa kwenye USB. Bakisha prosesa, feni yake, na RAM moja. Ikileta picha, rudisha kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Kibodi yenye USB iliyopinda inaweza kuizuia mashine nzima isiwake, na ni jambo ambalo watu hawalitarajii.

Ukiwa umefungua, elekeza tochi kwenye kapasita, vile vimtungi vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa kabisa. Kikivimba au kikitoa utomvu wa kahawia, kapasita imekufa. Mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliumwa sana ugonjwa huu. Dell OptiPlex GX270 na GX280 ndizo mfano unaojulikana duniani kote. Hizi za 2012 kuja juu zina kapasita ngumu ambazo hazivimbi kirahisi, lakini ndani ya pawa saplai bado zimo za aina ya zamani. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kubadili kapasita za mazabodi, mradi apate zenye volti na ujazo uleule.

Betri ya volti 3, chanzo cha visa vingi

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo mashine nyingi nzima huhukumiwa bure.

Kwenye mazabodi kuna betri ya duara inayong'aa, CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine na kulinda mipangilio wakati hakuna umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, pawa saplai huibeba saa hiyo yenyewe. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa miezi na betri iliyokufa asijue. Siku umeme unapokatika usiku kucha, au anapohamisha meza, mashine inaamka imesahau kila kitu.

Dalili zake: Dell huandika "Time-of-day not set" au "Invalid configuration information", HP huandika "163-Time & Date Not Set". Wakati mwingine haiandiki chochote, inaingia Windows kama kawaida, lakini kila tovuti unayofungua inakataa kwa onyo kwamba muunganisho si salama. Sababu ni kwamba saa imerudi miaka nyuma, na vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Watu hubadili modemu, hulaumu bando, huondoa antivairasi, na kosa ni tarehe tu iliyoko chini kulia.

Kuna kosa jingine la saa lisilohusu betri kabisa. Kama una Windows na Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta) kwenye mashine moja na saa inapishana kwa saa 3 kamili, betri yako haina neno. Linux huiwekea mazabodi saa ya dunia, UTC. Windows huisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Ndani ya Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1` na mgongano utaisha.

Kupima betri: mashine ikiwa imechomolewa ukutani, gusisha waya mwekundu wa maltimita juu ya uso wa betri na mweusi kwenye chuma cha boksi. Betri mpya hutoa kati ya volti 3.0 na 3.3. Ikishuka chini ya 2.8, ibadili. Bonyeza kishikizo cha pembeni, betri itajiinua. Weka mpya, upande wenye alama ya + ukitazama juu. Ukiuziwa CR2025 usiikubali, ni nyembamba zaidi na inaweza kuchezacheza kwenye kitanda chake. Ukiweza, ipime palepale dukani.

Kazi haijaisha hapo. Betri ilipokufa, BIOS ya mashine za umri huu mara nyingi imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mipangilio hiyo huenda si ile iliyotumika wakati Windows inawekwa. Ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi za mezani. Weka tarehe na saa. Halafu tafuta mambo mawili.

La kwanza ni "SATA Operation" kwa Dell, au "SATA Emulation" kwa HP. Hapo kuna chaguo kama AHCI, RAID na IDE, ambazo ni namna tofauti za mazabodi kuzungumza na diski. Kama Windows iliwekwa ikiwa AHCI na sasa BIOS imerudi kwenye RAID, mashine itaanza kuwaka kisha itatoa skrini ya bluu yenye maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE", au namba 0x0000007B kwenye Windows 7, na itazunguka hivyo bila mwisho. Diski ni nzima, Windows ni nzima, data ipo yote. Badili chaguo hilo, hifadhi, washa. Kama hukupatia, rudi ujaribu jingine. Kwa mashine yenye diski moja, kujaribu hakuharibu kitu. Kama mashine ina diski mbili zilizounganishwa kweli kwa RAID, usiguse hapo bila mtu anayejua.

La pili ni namna ya kuwasha: "Legacy" (ya zamani) au "UEFI" (mpya). Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa MBR huwashwa na Legacy, ya GPT huwashwa na UEFI. Vikipishana, Dell itasema "No boot device available" na HP "Boot Device Not Found" au "Non-System disk". Badili upande wa pili, ujaribu. Huu ndio ubovu ambao umesababisha Windows nyingi zifutwe na kupigwa upya, wakati dawa yake ni mibonyezo michache ya kibodi.

BIOS inalalamikia diski

Kabla ya yote, chomoa flashi, modemu na printa. BIOS iliyopangwa kuanza na USB hukwama kwenye flashi isiyo na mfumo.

Ingia BIOS uone kama diski imeorodheshwa. Kama haimo, badili waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mazabodi, kisha tundu la SATA. Waya hizo huzeeka, hasa zile zilizokunjwa kwa nguvu ndani ya boksi dogo. Kama imo lakini HP inasema "1720-SMART Hard Drive Detects Imminent Failure", au unasikia diski ikigonga tik-tik-tik kwa mpigo mmoja, usirekebishe chochote. Nakili data kwanza. Tengeneza flashi ya Linux Mint kwenye kompyuta ya jirani, washa nayo kwa F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP, chagua kuitumia bila kuisakinisha, fungua diski yako na uhamishe nyaraka kwenye diski ya nje. Usiendeshe `chkdsk`, programu ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayokufa; inailazimisha isome kila kona, na inaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu.

Ukishanakili, soma hali ya diski kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows au kwa programu ya diski ya Mint. Tazama mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Ikiwa na idadi inayoongezeka kila wiki, nunua SSD.

Windows yenyewe inakwama

Sasa ndiyo zamu ya Windows. Ikiwa imekatishwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, Windows 10 hufungua ukurasa wa matengenezo yenyewe. Isipofungua, tumia flashi ya kusakinishia Windows, chagua lugha, kisha "Repair your computer" badala ya "Install now". Jaribu "Startup Repair" kwanza. Ikishindwa, fungua "Command Prompt", andika `diskpart`, kisha `list disk`. Ukiona nyota chini ya safu ya Gpt, mashine ni ya UEFI. Isipokuwepo, ni Legacy.

Kwa Legacy, andika `exit`, kisha amri hizi moja moja: `bootrec /fixmbr`, `bootrec /fixboot`, `bootrec /rebuildbcd`.

Kwa UEFI, ukiwa bado ndani ya diskpart, andika `list volume`, utafute kipande kidogo cha FAT32, mara nyingi MB 100 hivi. Hakikisha si flashi yako, ukubwa utakuambia. Tuseme ni namba 2: `select volume 2`, `assign letter=S`, `exit`. Halafu `bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`. Herufi ya Windows katika ukurasa huu inaweza kuwa D au E, kwa hiyo ithibitishe kwa `dir C:\` kabla. Ukiambiwa faili za kuwashia zimeundwa, zima, chomoa flashi, washa.

Ukiombwa ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski) wenye tarakimu 48, upo kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha, au kwenye karatasi aliyoichapisha. Bila ufunguo huo, hakuna fundi wa kweli atakayeifungua diski ile.

Kusasisha fimwea: lini, na lini uache

Msimamo wangu ni kwamba kompyuta kuukuu inayofanya kazi vizuri haihitaji BIOS mpya kwa sababu tu toleo jipya lipo. Isasishe ikiwa mtengenezaji ametaja tatizo ulilonalo, ikiwa prosesa au diski uliyoongeza haitambuliki, au kwa tundu la usalama ambalo ameliziba. Hata hapo, tulia usome. Januari 2018, baada ya kasoro za usalama za prosesa, Spectre na Meltdown, kutangazwa, watengenezaji walikimbilia kutoa BIOS mpya, na tarehe 22 mwezi huohuo Intel ikawataka waache kuzisambaza kwa sababu mashine zenye prosesa zake za kizazi cha Haswell na Broadwell zilikuwa zinajiwasha upya ovyo. OptiPlex 9020 ni ya Haswell. Waliosubiri matoleo yaliyorekebishwa hawakupungukiwa kitu.

Wengine husasisha wakitumaini kupata Windows 11, hasa baada ya Microsoft kusitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. BIOS haitakupa hilo. Prosesa za mashine hizi hazimo kwenye orodha rasmi, na hakuna sasisho linalobadili prosesa. Linux Mint ni njia ya heshima zaidi kwa mashine hizi.

Ukiamua kusasisha, pakua faili kwa kutumia Service Tag, ile namba ya herufi 7 kwenye kibandiko cha Dell, wala usitafute kwa jina la modeli. Dell ililitumia tena jina OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine tofauti kabisa, kwa hiyo jina pekee linaweza kukupeleka kwenye faili isiyo yako. Soma kama toleo jipya linadai upitie la kati kwanza. Kama BitLocker imewashwa, isimamishe kwa muda. Betri ya CR2032 iwe nzima. Na mashine iwe kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) inayofanya kazi, uliyoijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani. Umeme ukikatika fimwea ikiwa nusu imeandikwa, mashine inaweza isiamke tena. Kama huna UPS, azima, au acha kabisa. Ikianza kuandika, usiguse kitu, hata skrini ikiwa nyeusi na feni zikipiga kelele. Hiyo ni kawaida kwa dakika kadhaa.

Ikitokea imeshindikana, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, rudisha, ujaribu. HP inayolia mara 8 inakuambia fimwea imeharibika, lakini sehemu yake ndogo ya uokoaji bado hai na inaweza kusoma faili la BIOS kwenye flashi ya FAT32. Kwa Dell nyingi za kuanzia 2016 hivi, kushikilia Ctrl na Esc wakati wa kuchomeka umeme hufungua ukurasa wa uokoaji. Hizi za 2012 hadi 2014 usizitegemee kwa hilo.

Kinachobaki ni kuandika chipu yenyewe. Ni chipu ndogo, mara nyingi ya miguu 8, ya Winbond au Macronix, na mafundi wa simu na laptopu wengi wana kifaa cha CH341A cha kuisoma kwa kuibana na klipu. Hapa mwulize fundi maswali mawili kabla hujamwachia mashine. Je, kifaa chake kimerekebishwa kutoa volti 3.3 kwenye nyaya za data? Maana baadhi ya vile vyeusi vya bei ndogo hutoa 5, na chipu hizi hazikutengenezwa kwa volti hizo. Na je, ataisoma chipu ya zamani kwanza, mara mbili, na kulinganisha nakala hizo kabla ya kufuta? Ndani ya chipu hiyo mna Service Tag, anwani ya kadi ya mtandao, na kwa mashine zilizokuja na Windows 8 kuendelea, ufunguo wa leseni ya Windows. Akiweka faili la mashine nyingine moja kwa moja, vyote hivyo vinapotea. Mwambie akupe nakala ya asili kwenye flashi yako, uandike juu yake modeli na tarehe, na uitunze pamoja na zile picha za BIOS ulizopiga kwa simu.